Milango mitatu, barua elfu kumi: uchambuzi wa jibu sahihi lililokataliwa

Jumapili ya tarehe 9 Septemba 1990, jarida la Parade, lililokuwa likisambazwa ndani ya magazeti ya Jumapili nchini Marekani, lilichapa swali la msomaji mmoja wa Maryland katika safu ya Marilyn vos Savant, mwanamke aliyekuwa akijibu humo maswali ya wasomaji. Uko kwenye mchezo wa televisheni. Mbele yako kuna milango mitatu. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mlango, tuseme wa 1. Mwendesha kipindi, anayejua kilichoko nyuma ya kila mlango, anafungua mwingine, tuseme wa 3, na mbuzi anaonekana. Kisha anakuuliza kama ungependa kuhamia mlango wa 2. Je, kuhama kuna faida?

Vos Savant alijibu kwamba kuna faida: mlango wa kwanza una theluthi moja ya uwezekano wa kuwa na gari, huo mwingine una theluthi mbili. Jibu ni sahihi. Zikamiminika barua zipatazo 10,000, karibu 1,000 kati yake zikiwa na sahihi za watu wenye shahada ya uzamivu, na nyingi zikimwambia amekosea. Wengine walimtaka akiri kosa, wengine walimlaumu kwa kueneza ujinga wa hesabu nchini, na hawakukosekana waliochomeka kejeli kuhusu wanawake na hesabu.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kichekesho cha wasomi walioumbuka. Kwa mtu anayeandika hesabu ili isomwe na watu wa kawaida, kuumbuka kwao hakumsaidii lolote. Watu wanaojua kugawanya na kuzidisha vizuri kabisa walisoma maelezo sahihi, wakaelewa kila neno, kisha wakatoka na jibu lisilo sahihi huku wakiwa na hakika nalo. Ikiwa hivyo, kinachotakiwa kuwekwa mezani ni maelezo yenyewe. Ukiyapitia moja moja unagundua kwamba kila maelezo yaliyotolewa yalitibu kosa fulani, na mara nyingi halikuwa kosa alilokuwa nalo msomaji.

Wala hasira hizo hazikuwa mpya. Februari 1975 mtakwimu Steve Selvin alichapa fumbo hilohilo, la masanduku matatu na funguo za gari, katika jarida la The American Statistician. Aliweka jedwali la hali 9, yaani kila sanduku linaloweza kuwa na funguo likioanishwa na kila sanduku ambalo mchezaji anaweza kulichagua. Kubadili kunashinda katika hali 6. Wasomaji wa jarida lile ni watakwimu, na bado walimwandikia kumpinga. Agosti mwaka huohuo alilazimika kurudi na barua ya pili, na humo ndimo fumbo lilipopata jina la Monty Hall, mwendesha kipindi maarufu wa televisheni.

Milango milioni moja

Jibu la kwanza la vos Savant lilikuwa na vipande viwili tu. Kipande cha kwanza ni tamko: theluthi moja huku, theluthi mbili kule. Kipande cha pili ni picha: tuseme milango ni milioni moja, umechagua wa 1, na mwendesha kipindi, anayejua gari liko wapi na kulikwepa kila mara, anafungua yote iliyobaki isipokuwa wa 777,777. Hapo ungehama haraka sana, sivyo?

Picha hii inapendwa sana na waandishi wa hesabu, na kwa baadhi ya wasomaji inafungua macho papo hapo. Kwa waliobaki haifanyi kitu, na sababu inaonekana ukiitazama kwa makini. Msomaji amepewa mchezo wa pili bila kuambiwa ni kipi kimebaki vilevile na kipi kimekuzwa. Kwenye mchezo wa asili ulifunguliwa mlango mmoja. Kwenye huu imefunguliwa 999,998. Msomaji mwenye shaka ana haki ya kuukuza mchezo kwa namna yake: milango milioni moja, mwendesha kipindi anafungua mmoja, inabaki 999,999. Katika mchezo huo kuhama kunaleta faida ndogo kiasi kwamba hakuna atakayeiona maishani. Ni njia ipi sahihi ya kukuza? Ni ile ya kwanza, lakini sababu yake ni kwamba baada ya kufungua lazima ibaki miwili, wa kwako na mmoja mwingine, na sentensi hiyo haikuandikwa.

Tatizo la pili ni ukubwa wa namba. Milioni haishikiki, msomaji anaikubali kwa adabu tu. Karata zinafanya kazi hiyohiyo kwa namba ambayo mkono unaifahamu. Chukua karata 52, zichanganye, mwambie mwenzako achomoe moja bila kuitazama, na lengo ni ree ya shupaza. Wewe unazipitia zile 51 zilizobaki huku umezielekeza kwako, unatupa mezani 50 ambazo si ree ya shupaza, unabaki na moja mkononi. Mwenzako amekuona ukizipitia na kuchambua. Sasa muulize ree iko wapi. Tofauti kati ya karata hizi na milango milioni ni kitendo cha macho: anamwona mtu anayejua akichagua cha kutupa. Uzito wote wa fumbo uko kwenye kitendo hicho, na milango milioni inakipitisha haraka mno.

Bado karata hazimalizi kazi, maana msomaji anaweza kusema: sawa, kwa 52 nakubali, kwa 3 sikubali. Ukikutana naye usimwongezee karata. Mpunguzie. Cheza na 10, kisha 5, kisha 4, kila mara ukitupa zote isipokuwa moja, mpaka mfike 3. Mahali atakaposimama na kusema "hapa imebadilika" ndipo penye kosa lake, na mara nyingi hapati pa kusimama.

Jedwali, na jedwali la mpinzani

Tarehe 2 Desemba 1990 vos Savant alirudi na jedwali la michezo 6: mchezaji anachagua mlango wa 1, gari linakaa kwa zamu nyuma ya kila mlango, mara tatu anahama, mara tatu anabaki. Kuhama kunashinda mara 2 katika 3, kubaki kunashinda mara 1 katika 3. Hii ni hatua kubwa kwa uandishi wa hesabu, kwa sababu msomaji amepewa kitu cha kuhesabu kwa kidole badala ya kitu cha kuamini.

Barua ziliendelea kuja. Msomaji anayeamini nusu kwa nusu ana jedwali lake mwenyewe kichwani, na kwa mtazamo wa kwanza linaonekana makini kuliko la safuni. Umechagua mlango wa 1. Hali zinazowezekana ni nne: gari liko 1 na umefunguliwa wa 2, gari liko 1 na umefunguliwa wa 3, gari liko 2 na umefunguliwa wa 3, gari liko 3 na umefunguliwa wa 2. Mistari minne, miwili inampa ushindi anayebaki, miwili inampa anayehama. Nusu kwa nusu, mjadala umefungwa.

Hakuna mstari wa uongo katika jedwali hilo, wala uliosahaulika. Kosa ni kuihesabu mistari kana kwamba yote ina uzito sawa. Mwandishi anayemjibu msomaji huyu kwa kurudia jedwali lake mwenyewe hajamjibu. Inabidi aingie ndani ya jedwali la mpinzani na kulipima.

Pima kwa michezo 300, kila mara umechagua mlango wa 1. Gari linawekwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tarajia liwe nyuma ya kila mlango mara 100. Zile mara 100 ambazo gari liko 1, mwendesha kipindi ana mbuzi wawili wa kuchagua, akirusha sarafu atafungua wa 2 mara 50 na wa 3 mara 50. Mara 100 ambazo gari liko 2 hana hiari: ni wa 3 tu, mara zote 100. Mara 100 ambazo gari liko 3, ni wa 2 tu, mara zote 100. Mistari minne ya mpinzani ina uzito wa 50, 50, 100 na 100. Anayebaki anapata magari 100. Anayehama anapata 200.

Na kama msomaji atasema "lakini mimi nimeona mlango wa 3 ukifunguliwa, mambo ya wa 2 hayanihusu", yuko sahihi, na hesabu inamfuata huko. Michezo iliyofunguliwa wa 3 ni 50 na 100, jumla 150. Katika 100 kati ya hiyo gari liko mlango wa 2. Theluthi mbili ileile.

Angalia kilichofanyika hapo. Hakuna sehemu iliyozidishwa kwa sehemu nyingine, hakuna alama ya uwezekano, hakuna fomula. Kuna michezo 300 inayogawanywa kwenye mafungu. Wasomaji wengi wanaoikimbia theluthi moja mara nusu wanaigawa 100 kwa mbili bila kusita, ingawa ni hesabu moja. Chagua jumla inayogawanyika bila mabaki mpaka hatua ya mwisho. Ukianza na 100 utaishia na mbuzi 33 na theluthi, na msomaji ataanza kumfikiria huyo mbuzi.

Kitu kimoja hukwaza hata wanaojua: sarafu ya mwendesha kipindi. Asipoirusha, tuseme akiwa na hiari hufungua mlango wenye namba ndogo, mafungu yanabadilika. Umechagua 1. Gari likiwa 1 atafungua wa 2 mara zote 100. Kwa hiyo ukiona wa 3 umefunguliwa, gari liko 2 kwa hakika; ukiona wa 2 umefunguliwa, ni 100 kwa 100, nusu kwa nusu kweli. Jumla ya anayehama kila mara inabaki 200 katika 300. Hilo ni tawi la pembeni, na maandishi ya kurasa mbili hayahitaji kulibeba, lakini mwandishi asipolijua atabanwa na msomaji wa kwanza atakayelivumbua.

Vikombe na sarafu

Vos Savant aliwaomba pia walimu wa hesabu nchini kote wafanye jaribio darasani: vikombe vitatu vya karatasi, sarafu moja, dadu, wanafunzi wawili, mmoja akiwa mchezaji na mwingine mwendesha kipindi. Dadu inaamua sarafu ifichwe wapi, dadu inaamua mchezaji aelekeze kidole wapi, mwendesha kipindi anainua kikombe kitupu kati ya viwili vilivyoachwa. Raundi 200 za kubaki, raundi 200 za kuhama. Katika safu ya Julai 1991 matokeo ya madarasa yaliungana na jibu lake.

Namba 200 haikuwa ya mapambo. Ukimwambia msomaji ajaribu mara 10 nyumbani, umemtega. Katika raundi 10, anayehama kila mara ana uwezekano wa karibu 21 katika 100 wa kushinda raundi 5 au pungufu. Kwa maneno mengine, kati ya kila familia 5 zitakazojaribu, moja itaona nusu au chini yake, na hiyo ndiyo itakayokuandikia barua. Kwa raundi 30 hatari hiyo inashuka hadi kama 4 katika 100. Kwa raundi 200, anayebaki anatarajiwa kushinda kama 67, na karibu mara 95 katika 100 atakuwa kati ya 53 na 80. Anayehama atakuwa kati ya 120 na 147. Mafungu mawili hayagusani tena, na ubishi unaisha.

Raundi 400 ni kazi ya kuchosha, na kuna njia ya kuipunguza nusu. Usicheze mikakati miwili kwa zamu. Kila raundi moja inatoa majibu ya yote miwili: kama sarafu iko chini ya kikombe cha kwanza, anayebaki angeshinda, kama haiko, anayehama angeshinda. Chora safu mbili kwenye karatasi, weka alama moja kila raundi. Muda si mrefu mwenye kalamu atagundua kwamba anaweza kuweka alama kabla kikombe kitupu hakijainuliwa, na hapo ameshika sababu ya jibu kwa mkono wake, jambo ambalo maelezo marefu yanahangaika kulileta.

Makosa ya jaribio hili yanajulikana. Mfichaji akichagua mahali kwa kichwa badala ya dadu, huangukia mtindo bila kujua na mwenzake huusoma. Dadu yenyewe igawanywe: 1 na 2 ni kikombe cha kwanza, 3 na 4 cha pili, 5 na 6 cha tatu, ili msipoteze muda kurusha tena. Lakini kosa baya kuliko yote linatokea pale mwendesha kipindi anaposahau sarafu iko wapi, anainua kikombe kimojawapo, sarafu inaonekana, wote wanacheka na raundi inafutwa. Ikitokea mara moja haidhuru. Ikiwa ndio utaratibu, inua ovyo kisha futa zilizoharibika, basi matokeo yataelekea nusu kwa nusu, na jaribio litakuwa limempa haki mpinzani. Tutarudi hapo, maana ndipo penye kiini cha kisa kizima.

Jaribio lina mpaka wake pia. Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alikataa jibu hili alipoelezwa na rafiki yake Andrew Vázsonyi. Mchoro wa matawi ya uamuzi haukumshawishi. Kilichomfanya akubali ni kompyuta iliyocheza mchezo mara nyingi mbele yake, na hata hivyo hakuridhika, kwa kuwa kompyuta ilimwonyesha kwamba ndivyo ilivyo bila kumwambia kwa nini. Msomaji wa kawaida naye yuko hivyo. Mpe jaribio ili akome kubisha, kisha mpe sababu ili alale usingizi.

Silabi moja

Tarehe 21 Julai 1991 gazeti la The New York Times lilichapa ukurasa wa mbele habari ya John Tierney, aliyemfuata Monty Hall mwenyewe nyumbani kwake Beverly Hills na kucheza naye mchezo mezani. Hall alielewa hesabu ya theluthi mbili. Kisha akaonyesha kitu kingine: halazimiki. Akiamua kumpa mchezaji nafasi ya kuhama pale tu alipochagua gari, basi kila anayehama atatoka na mbuzi. Huko nyuma, mwaka 1975, alikuwa amemwandikia Selvin kwamba kwenye kipindi chake hakuna kubadilishana masanduku baada ya kuchagua. Mchezo wa fumbo haukuwa mchezo wa televisheni.

Rudi kwenye swali la awali ulisome upya. Linasema mwendesha kipindi anajua. Halisemi kwamba ni lazima afungue mlango, wala kwamba ni lazima uwe wa mbuzi. Linasimulia alichofanya leo. Theluthi mbili haitokani na alichofanya leo. Inatokana na kanuni anayoifuata kila siku. Na ule ujuzi wake, ambao hesabu yote inauegemea, umewekwa katikati ya sentensi kama sifa ya kupita, "anayejua kilichoko nyuma ya kila mlango", mahali ambapo jicho la msomaji hupaona kama pambo.

Ili kuona kanuni ina uzito gani, mchukue mwendesha kipindi aliyesahau. Umechagua 1, naye anafungua wa 2 au wa 3 kwa kubahatisha. Sasa hali ni sita na zote zina uzito sawa: gari 1 afungue 2, gari 1 afungue 3, gari 2 afungue 2, gari 2 afungue 3, gari 3 afungue 2, gari 3 afungue 3. Katika mbili, ya tatu na ya sita, gari lenyewe linaonekana na mchezo umeharibika. Wewe unaambiwa ameonekana mbuzi, kwa hiyo hizo mbili zinaondoka. Zinabaki nne: mbili za anayebaki, mbili za anayehama. Nusu kwa nusu, safari hii kwa haki. Umeona kitu kilekile kwa macho, mlango wa 3 wazi na mbuzi ndani, na jibu limekuwa lingine.

Kwa hiyo sehemu ya wale waliobisha walikuwa wakijibu mchezo mwingine ambao maneno ya swali yanauruhusu. Sehemu tu, tusiwatetee kupita kiasi: barua nyingi hazikugusa suala la kanuni hata kidogo, zilidai tu kwamba milango miwili maana yake ni nusu. Lakini mwandishi angeziba mwanya huo mapema, angebaki na kosa moja la kupigana nalo.

Hapa anayeandika kwa Kiswahili ana silaha iliyo tayari. "Akafungua mlango wenye mbuzi" ni tukio. "Hufungua mlango wenye mbuzi" ni kanuni. Silabi hu- peke yake inabeba kile ambacho swali la 1990 lilikiacha nje. Ukisimulia fumbo hili kwa -ka- na -na-, masikio ya msomaji yanasikia hadithi ya siku moja, naye yuko huru kumpa mwendesha kipindi nia yoyote. Ukilisimulia kwa hu- na "kila mara", umemfungia mlango huo.

Kuliandika upya

Kilichojifunzwa kinaweza kuwekwa kwenye aya moja:

"Mwendesha kipindi hurusha dadu na kuficha gari nyuma ya mlango mmoja kati ya mitatu, nyuma ya miwili mingine huweka mbuzi. Wewe huchagua mlango bila kuufungua. Yeye hujua gari liko wapi, na kila mara, iwe umepatia au umekosea, hufungua mmoja wa milango uliyoiacha ambao una mbuzi. Akiwa na mbuzi wawili wa kuchagua, hurusha sarafu. Kisha hukuruhusu kuhama. Umecheza hivi mara 300, na kila mara ulikataa kuhama. Umerudi nyumbani na magari mangapi?"

Swali la mwisho limegeuzwa makusudi. Fumbo la asili linauliza kama uhame, na msomaji anatazama milango miwili iliyofungwa, akili inaona viwili, inagawanya kwa mbili. Ukimuuliza habari za mtu anayekataa kuhama, anaona mtu ambaye mlango ukifunguliwa au usifunguliwe yeye halimhusu. Alichagua moja kati ya tatu, akabaki nayo. Magari 100. Karibu kila mtu anafika hapo bila kusukumwa. Ndipo linafuata swali la pili: magari 200 yaliyobaki yalikuwa wapi? Si nyuma ya mlango uliofunguliwa, huo una mbuzi kila mara. Hakuna pengine ila ule mlango mwingine uliobaki umefungwa. Msomaji amelitoa jibu kinywani mwake, na ni vigumu mtu kubishana na jibu lake mwenyewe.

Njia nyingine yenye nguvu ni kumhamisha msomaji upande wa pili wa milango, asimame na mwendesha kipindi. Stefan Krauss na X. T. Wang walichapa mwaka 2003 majaribio yaliyoonyesha kuwa watu hufanya vizuri zaidi wakipewa mtazamo huo wa nyuma ya milango na kupangiwa hali zote. Sababu haijifichi. Ukiwa mbele unaona mbuzi mmoja na milango miwili. Ukiwa nyuma unaona gari, na unajua ni mara ngapi mikono yako imefungwa: kila mchezaji anapokosea, na hukosea mara 2 katika 3, huna hiari ya mlango wa kufungua, unalazimika kumwachia ule wenye gari.

Kilichopaswa kuachwa? Neno "uwezekano" lisitangulie. Lije baada ya magari kuhesabiwa. Jina la Monty Hall lije mwishoni kabisa au lisije, kwa sababu msomaji aliyewahi kusikia fumbo akiliona jina anakumbuka jibu na anaacha kufikiri. Na lile jibu la theluthi mbili lisiwekwe sentensi ya kwanza. Vos Savant alilitanguliza, na kila aliyeendelea kusoma aliendelea akiwa tayari na upande wa kutetea.

Kujua kama kaelewa

Msomaji anayetikisa kichwa kwa kukubali bado hajathibitisha kitu. Mpe milango minne, gari moja, mbuzi watatu. Anachagua mmoja, mwendesha kipindi, kwa kanuni ileile, hufungua mmoja wenye mbuzi, imebaki mitatu imefungwa, ruhusa ya kuhamia wowote kati ya miwili ambayo si yake.

Akijibu theluthi moja, amerudi alikoanzia, anagawanya kwa idadi ya milango iliyofungwa, na inabidi arejeshwe kwenye jedwali la mistari isiyo na uzito sawa. Akijibu robo tatu, amekariri kwamba anayehama huchukua chote kilichobaki, akasahau kwamba sasa ni milango miwili inayokigawana. Kwa michezo 400, anayebaki anapata magari 100. 300 yako nyuma ya ile miwili, 150 kila mmoja, kwa hiyo anayehama anapata 150 katika 400, au 3 katika 8. Na kama mwendesha kipindi angefungua miwili badala ya mmoja, zile 300 zote zingekuwa nyuma ya mlango mmoja uliobaki.